Safari ya Kamere: Pipa Litoalo Hewa Katika Tope

Mtu atokaye Nakuru kwenda Nairobi kwa barabara kuu, akisha kuupita mji wa Gilgil, huliona Ziwa la Naivasha limelala upande wake wa kuume, na ng'ambo ya ziwa hilo huona milima iliyovunjika-vunjika ambayo asubuhi, kungali baridi, hutoa moshi mweupe. Wageni wengi hudhani kuwa ni watu wachomao makaa. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwezi mmoja wa Julai nilipoamua kushuka mjini Naivasha, nikapanda matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa, nikaenda kuona kwa macho yangu. Moshi ule si moshi. Ni mvuke wa maji yachemkayo chini ya ardhi, na mahali utokapo paitwa Olkaria. Kijiji kilicho karibu na mahali hapo, ambako watumishi wengi wa huko hupanga vyumba, ndicho Kamere.

Njia ya kwenda huko hupita Karagita, kisha hufuata ukingo wa ziwa katikati ya mashamba ya maua. Upande mmoja kuna mafunjo na migunga yenye magome ya manjano. Upande wa pili kuna nyumba za karatasi ya plastiki, safu kwa safu, ambamo hukuzwa mawaridi ya kuuzwa Ulaya. Kamere yenyewe si kubwa. Ni nyumba za mabati na za mawe zilizosongamana kando ya barabara, maduka, vinyozi, vibanda vya kutuma fedha kwa simu, na hoteli za chai zifunguliwazo kabla ya alfajiri kwa ajili ya watu wa zamu. Utawakuta Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakisii wakinunua sukuma wiki mahali pamoja, na Wamasai wakipitisha ng'ombe wao kwenda kunywa maji. Pwani yake ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu wa kawaida aweza kulifikia ziwa bila kuomba ruhusa kwa mwenye shamba. Wavuvi hushukia hapo. Viboko nao hupapenda, jambo ambalo halimfurahishi mtu yeyote. Na ziwa lenyewe halina adabu ya mpaka: mwaka 2020 lilipanda likawafukuza watu wengi katika nyumba zao huko Kihoto, karibu na mji, na wenyeji wa Kamere tangu hapo hulitazama kwa jicho la wasiwasi.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga, nikila kipande cha ngege, alipoyatazama mavazi yangu akaniuliza, "Baba, waonekana mgeni. Umekuja kwa maua ama kwa mvuke?"

Nikamjibu, "Kwa mvuke, mama."

"Basi ukifika huko juu, unitazamie mwanangu. Anasema kazi yake ni kulinda pipa. Nimeuza samaki miaka kumi na miwili nikimlipia karo, na sasa analinda pipa! Akirudi nyumbani nguo zake zanuka mayai viza. Nimemwuliza hilo pipa lina nini ndani yake, ananiambia, lina hewa. Hewa, Baba! Nani huiba hewa?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini nilimwahidi kwamba nitalitazama hilo pipa na kumletea habari.

Siku ya pili nilipata ruhusa, nikapewa kofia ngumu, viatu vizito na miwani, nikapanda gari pamoja na watu wa zamu ya asubuhi. Barabara hupanda kutoka Kamere na kuingia penye lango la Mbuga ya Hell's Gate, ambayo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984. Mabomba makubwa ya mvuke hupita porini kama chatu, na mahali pengine yamenyanyuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Nilimwona twiga akipita chini ya bomba kwa utulivu kama mzee apitaye mlangoni mwake mwenyewe.

Kazi ya kutafuta mvuke huku ilianza mwaka 1956, visima viwili vilipochimbwa. Joto lilionekana, lakini visima havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikalala. Iliamshwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Olkaria ya Pili ilifuata mwaka 2003, ya Nne mwaka 2014, ya Tano mwaka 2019, na leo jumla ya mitambo yote imepita megawati 800. Sitasema mengi juu ya mitambo hiyo, kwa kuwa imekwisha kuandikwa mara nyingi, na wakubwa hupenda kupigwa picha mbele yake. Nilikuja kuona kisima kinavyochimbwa, kazi isiyopigwa picha sana kwa sababu ina matope.

Mnara wa kuchimbia ni mrefu kuliko mkalitusi. Huko Menengai, juu ya mji wetu wa Nakuru, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011, minara ya namna hii ilipewa majina ya wanyama, kama vile Simba na Kifaru, na mtu akiusikia mngurumo wake hatauliza kwa nini. Chini ya mnara kuna bomba la chuma lizungukalo, na mwisho wa bomba hilo, ndani kabisa ya ardhi, kuna kinywa chenye meno magumu, mfano wa keekee ya seremala, kisagacho mwamba. Kila bomba moja lina urefu wa mita 9 hivi. Likisha kuzama, jingine huungwa juu yake, na hivyo hivyo usiku na mchana, mpaka kisima kifike mita 3,000, ambako joto laweza kupita nyuzi 300.

Hapa ndipo tope linapoingia. Mkulima ajuaye kuchimba kisima kwa jembe na ndoo ataelewa shida ya kwanza: udongo uliochimbwa lazima utolewe. Lakini ndoo haifiki mita 3,000. Kwa hiyo pampu husukuma tope jepesi, lililotengenezwa kwa maji na udongo laini wa namna ya ufinyanzi uitwao bentonaiti, lishuke ndani ya bomba, litoke kwa matundu ya kinywa kile, kisha lipande juu kwa nje ya bomba likichukua vipande vya mwamba. Likifika juu hupitishwa katika chekeche kubwa litikiswalo na injini. Vipande hubaki, tope huenda katika matangi, na kutoka huko hurudishwa tena shimoni. Tope lile lile huzunguka mara nyingi kwa siku. Wataalamu wa miamba huchukua vipande vya mwamba kila baada ya mita 2, wakaviosha na kuvitazama, nao husoma humo habari za ardhi kama karani asomavyo daftari.

Tope hilo lina kazi nyingine kubwa kuliko kubeba uchafu. Hupoza meno, huzuia kuta za shimo zisianguke, na juu ya yote hukandamiza kwa uzito wake. Kila mita 10 za maji zina uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Basi kisima cha mita 1,000 kilichojaa maji hukandamiza chini yake mara mia ya hivyo. Uzito huo ndio kifuniko cha chungu. Maji yaliyo ndani ya mwamba wa Olkaria yana joto la kuchemka mara mbili na zaidi, lakini hayachemki, kwa kuwa yamekandamizwa.

Sasa, msomaji, fikiri jambo litokealo hewa inapoingia katika tope. Pengine hutoka katika mwamba, pengine ni mvuke, pengine ni kaboni dayoksaidi, ile gesi itiwayo katika soda. Kule chini ni viputo vidogo tu, havionekani hata kwa jicho. Lakini kadiri vipandavyo, mzigo ulio juu yao hupungua, navyo hutanuka. Kiputo kilicho na ukubwa wa punje ya mtama katika mita 1,000 kikifika juu huchukua nafasi ya punje mia. Tena nusu ya kutanuka kote huko hutokea katika mita 10 za mwisho! Ndiyo sababu tope huonekana limetulia kwa muda mrefu, kisha kwa ghafula linafura na kumwagika kama uji ulioachwa jikoni na msichana aliyetoka kuzungumza na jirani.

Kama tope lenye hewa likirudishwa shimoni jinsi lilivyo, mambo mawili hutokea, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni la pampu. Pampu imeumbwa kusukuma maji. Ikivuta povu hukohoa, hupiga kelele, na nguvu zake hupotea. La pili ni la kile kifuniko cha chungu. Tope lenye povu ni jepesi. Likiwa jepesi, maji ya moto yaliyo chini hupata nafasi ya kuchemka, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke juu ya ardhi hujaza nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Mvuke huo hulisukuma tope lililobaki, kifuniko hupungua tena, maji mengine huchemka, na kisima hutapika. Wachimbaji huwa na milango ya chuma ya kukifunga, na maji baridi ya kukizima, lakini hakuna mchimbaji atakaye kufika huko. Watu walio juu ya sakafu ya mnara wamesimama juu ya mdomo wa chungu hicho.

Fundi mkuu wa zamu, mtu mpole mwenye mvi, alinichukua nyuma ya mnara akanionyesha pipa. Yule kijana wa Kamere alikuwa amesimama kando yake, akiwa na kitabu cha kuandikia na mizani ndogo mkononi.

Nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo. Nilitazamia mashine yenye magurudumu na taa. Niliona pipa la chuma lililosimama, refu kuliko nyumba, bomba nene likiingia ubavuni, bomba jingine likitoka juu kama dohani, na la tatu likitoka chini na kupinda kama kiwiko cha mkono. Halina injini. Hakuna kitu ndani yake kiendacho ila tope lenyewe.

Fundi akanieleza hivi. Tope hutoka kisimani kwa nguvu, likiwa limefungiwa. Juu ya mdomo wa kisima kuna mpira mnene uliolibana bomba lizungukalo, ili hewa isitoke mahali wasimamapo watu. Basi lazima lifuate bomba nene mpaka ubavuni mwa pipa. Huko halikuingizwa katikati, bali pembeni, ili lizunguke ukutani kama kisulisuli. Maji na vipande vya mwamba, kwa kuwa ni vizito, hutupwa ukutani na kuteremka. Hewa na mvuke, kwa kuwa ni vyepesi, hubaki katikati na kupanda kwa dohani. Mapipa ya namna nyingine hayazungushi. Yana rafu za chuma ndani, moja chini ya nyingine, nalo tope huanguka kutoka rafu hii hadi ile, likitandazwa kuwa jembamba kama chapati. Kiputo kilicho katika tope nene hakina njia ya kutokea, lakini katika tope jembamba hakina safari ndefu: hufika juu, hupasuka.

"Yote tunayoipa gesi ni nafasi na wakati," alisema fundi. "Itatoka yenyewe. Haipendi kukaa humo kuliko sisi tunavyopenda ikae."

Kile kiwiko cha chini ndicho nilichokipenda zaidi. Hubaki kimejaa tope wakati wote, na tope hilo huizuia gesi isitoke kwa njia ya chini pamoja na tope safi. Ukitaka kuelewa, tazama bomba lililopindwa chini ya beseni la kunawia: maji yaliyobaki katika pindo lile ndiyo yazuiayo harufu ya mfereji isiingie nyumbani. Lakini kiwiko kina mpaka wake. Kikiwa na kimo cha mita 3 za maji, kitaishinda gesi yenye nguvu ya mita 3 za maji, wala si zaidi. Gesi ikija nyingi kupita uwezo wa dohani, nguvu hupanda ndani ya pipa, kiwiko husukumwa kikawa kitupu, na gesi yote hutokea penye chekeche, mbele ya nyuso za watu. Kwa hiyo kuna saa ya kupima nguvu ubavuni mwa pipa, na kijana yule huitazama. Hiyo ndiyo maana ya kulinda pipa.

Kazi yake ya pili ni mizani. Hujaza kikombe kidogo kwa tope litokalo, hulipima, kisha hulikoroga mpaka povu life, na hulipima tena. Tofauti ya vipimo viwili humwonyesha ni hewa kiasi gani imebaki. Akikuta tope limekuwa jepesi, humwarifu fundi mara moja, hata kama fundi anakunywa chai. Nilipokitazama kitabu chake niliona mwandiko safi, saa kwa saa, bila kufuta-futa. Makarani wasomao gazeti hili wangeufurahia.

Nilimwuliza fundi, je, kila kisima hutumia tope namna hii mpaka mwisho? Akacheka, akasema kwamba hapa Olkaria kuna kichekesho. Tope la udongo hutumika sehemu ya juu tu, mpaka bomba la kuzuia kuta litiwe na kushikizwa kwa saruji. Chini ya hapo udongo hautakiwi, kwa sababu ungeziba nyufa za mwamba, na nyufa hizo ndizo milango ya mvuke wenyewe. Basi hutumika maji matupu. Lakini maji matupu ni mazito kuliko mwamba uliopasuka unavyoweza kuyashika. Hukimbilia nyufani, hayarudi juu, na vipande vya mwamba hubaki chini na kulinasa bomba. Dawa yake ni kuyafanya yawe mepesi, na kuyafanya mepesi ni kuyatia hewa!

"Kwa hiyo," nikasema, "mnaitoa hewa katika tope, na papo hapo mashine zile zinazonguruma kule zinashindilia hewa humo?"

"Ndiyo, Bwana. Kule chini tunaitaka, kwa kipimo chetu. Hapa juu hatuitaki. Maji lazima yafike penye pampu yakiwa maji."

Ndiyo sababu pipa hufanya kazi saa zote. Hutiwa pia sabuni ili povu lishike vipande vya mwamba, na povu la sabuni ni kaidi, halifi upesi. Hapo hunyunyiziwa dawa ya kuua povu. Mama zetu waliijua dawa hiyo zamani: maharagwe yakitaka kumwagika, mpishi hudondosha mafuta kidogo sufuriani, na povu hushuka.

Nitaje upesi chombo kingine ambacho sikukiona hapo. Mitambo itafutayo mafuta, kama ule uliochimba kisima cha Ngamia-1 huko Turkana mwaka 2012, hutumia tope zito mpaka chini, na viputo vidogo sana hubaki ndani yake hata baada ya pipa. Basi kuna tangi lililofungwa kabisa, ambalo pampu huivuta hewa iliyo ndani yake. Tope huvutwa humo kama mtoto avutavyo soda kwa mrija, hutandazwa juu ya mabamba, na kwa kuwa hewa ya kukandamiza imepungua, viputo hufura na kupasuka. Tena gesi ya visima vya mafuta huwaka moto. Kwa hiyo hupelekwa mbali kwa bomba na kuchomwa.

Sasa nitaungama kosa langu. Mdomo wa kisima umo ndani ya shimo la saruji, kina chake kimo cha mtu na zaidi. Mnara ulikuwa umesimamishwa kwa muda ili bomba liungwe, kukawa kimya, na mimi nikaona ni wakati mzuri wa kuchungulia. Kalamu yangu ikaanguka ndani. Kulikuwa na ngazi ya chuma. Nikashuka hatua mbili, nikainama.

Nilishikwa ukosi wa shati kwa nyuma nikavutwa juu kama mtoto wa mbuzi. "Mzee, toka hapo!" Alikuwa ni kijana wa Kamere. Nilighadhibika, maana ni kijana wa umri wa mwanangu, na watu walikuwa wakitazama. Nikamwambia kuwa nilikuwa nachukua kalamu tu, na ya kwamba hata ile harufu ya mayai iliyonisumbua asubuhi nilikuwa siisikii tena.

Hakunijibu. Alikivua kifaa kidogo cha manjano kilichokuwa kifuani pake, akakifunga kamba, akakiteremsha polepole ndani ya shimo. Kilipofika chini kikapiga kelele.

Baadaye fundi alinifahamisha, nami naandika maneno yake kwa kuwa wako wengi waishio karibu na visima hivi. Gesi inukayo mayai viza huitwa haidrojeni salfaidi. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa. Kiasi hicho hakidhuru, hukera tu. Lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua hulewa kwa muda wa dakika chache, na mtu hudhani kuwa gesi imekwisha. Ikizidi hapo mara kadhaa, huua, na ikifika kama sehemu 1,000 humwangusha mtu papo hapo. Nayo ni nzito kuliko hewa, kama ilivyo ile kaboni dayoksaidi, hivyo hukaa mashimoni na mabondeni pasipo upepo. Mtu wa kwanza huanguka. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Ndiyo sababu dohani la pipa limeinuliwa juu, na ndiyo sababu penye kila mnara kuna mfuko wa kitambaa upeperukao kuonyesha upepo uendako, na wachimbaji husimama upande utokako upepo. Ndiyo sababu, tena, pipa lile lina mlinzi.

Sijui kama ilikuwapo gesi ya kuniua pale ngazini. Kalamu niliiacha.

Gesi itokayo ardhini si takataka siku zote. Huko Kereita, katika nchi ya Kiambu, kampuni ya Carbacid huvuta kaboni dayoksaidi ya asili kutoka chini ya ardhi na kuiuza, na soda nyingi tunazokunywa hupata pumzi yake kwa njia hiyo. Na hapa hapa, ng'ambo kidogo ya Kamere, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kutumia kisima kimoja cha Olkaria: joto lake lilipasha moto nyumba za mawaridi wakati wa usiku ili ukungu usiyaozeshe, na kaboni dayoksaidi yake ililishwa maua, kwa maana mmea hula gesi hiyo mchana. Hewa iliyotolewa kwa taabu katika maji ya kisima ikageuka kuwa mbolea. Niliposikia habari hiyo nilimfikiria mkulima wa pareto wa Eburru, upande wa pili wa ziwa, ambako watu tangu zamani wametumia mvuke wa ardhini kukaushia mazao, na kuupoza katika mabomba wapate maji ya kunywa.

Nilirudi Kamere jua likitua. Mlima Longonot ulikuwa mwekundu upande mmoja na mweusi upande mwingine, na viboko walikuwa wameanza kukoroma katika mafunjo. Mama alikuwa anazima jiko lake. Nikamweleza habari za pipa kwa kadiri ya uwezo wangu: kisulisuli, kiwiko, dohani, mizani. Nikamwambia kwamba mnara mzima na watu wote walio juu yake humtegemea kijana yule aandike kweli katika kitabu chake. Nikamweleza na habari ya ukosi wa shati langu, ingawa hiyo nilitaka kuificha.

Hakucheka safari hii. Alifuta mikono yake kwa kanga, akaniuliza ile gesi ikisha kutoka juu ya dohani huenda wapi.

Nikasema, "Hutawanywa na upepo, mama."

"Na usiku, upepo ukilala?"

Nikamwambia kwamba juu ya kilima upepo haulali mara nyingi, na kwamba umbali ni mkubwa, gesi huchanganyika na hewa nyingi kabla ya kufika hapa. Harufu aisikiayo alfajiri ni ile ndogo ya kukera. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia lakini hajamaliza hesabu yake.

Wakati huo gari la zamu likasimama barabarani, na kijana akashuka pamoja na wenzake, kofia mkononi. Alipotuona pamoja aliona haya. Mama akamvuta karibu, akanusa mkono wa shati lake, kisha akamgusa kifuani.

"Kile kidude kilichopiga kelele kiko wapi?"

"Hukiacha kazini, mama. Hukabidhiwa kwa mtu wa zamu inayofuata."

"Kinatumia betri?"

"Ndiyo, mama."

"Nani huitazama hiyo betri?"

Kijana akafikiri. Akasema kwamba yuko mtu wa ghala ambaye kazi yake ni kuvitia moto vifaa hivyo na kuvipima.

"Mjua jina lake?"

"Namjua."

"Kesho ukifika, kabla ya kushika kitu kingine chochote, umwulize kama amekipima," alisema mama, akampakulia samaki.